Karatasi ya Dawa Kutoka Japani

Mama mkwe wangu alininyang'anya jembe mchana kweupe, msimu wa palizi, akaniambia nikalale.

Kama ungemjua, ungeshika kichwa.

Ilikuwa 1986, huku kwetu Turbo. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa tatu na uchovu ukakataa kutoka. Kuteka maji tu, napumzika mara nne njiani. Miguu imevimba. Nikilala chali, pumzi inakata.

Mama mkwe alikuwa na dawa moja tu.

"Mama Chelimo, kazi haijawahi kuua mtu. Amka."

Siku niliyoanguka katikati ya mahindi, mume wangu Bethwel alinipeleka hospitali Eldoret. Daktari akasema moyo umechoka na umepanuka. Akanipa tembe, kisha akamwita Bethwel kando wakaongea Kizungu.

Sikuuliza walisema nini. Hata kuuliza kulinichosha.

Shemeji yangu Kipyego alikuwa mwanariadha wa kampuni fulani Japani. Kusikia habari, akatuma chupa ya vidonge vya rangi ya machungwa. Koenzaimu. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza ili upate nguvu, na moyo ndio hukihitaji sana. Wajapani walikuwa wakiwapa wagonjwa wa moyo. Daktari akakubali nimeze, mradi nisiache tembe zake.

Ndani ya boksi lililoleta chupa kulikuwa na karatasi ya Kijapani. Bethwel akaja nayo jikoni, akamwambia mama yake kwamba daktari amemtafsiria.

"Inasema hivi, Mama. Mgonjwa akimeza, alale masaa mawili. Asibebe maji. Asishike jembe. Akiamka mapema, hii dawa inageuka sumu."

"Sumu?"

"Sumu kabisa."

Basi ikawa sheria. Kila saa saba mchana mama mkwe ananisindikiza kitandani kama askari jela. Watoto wakipiga kelele, anawafukuza na fimbo. Maji akateka yeye. Shamba akapalilia yeye.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa napumua kama watu. Nikapanda kilima bila kusimama. Majirani wote wakataka vidonge vya Kipyego.

Miaka mitatu baadaye Kipyego akarudi nyumbani, Kijapani sasa anasoma. Tukiwa jikoni kwa chai nikamtolea ile karatasi. Nilikuwa nimeihifadhi ndani ya Biblia.

Akaisoma. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Shemeji, hii ni tangazo ya sabuni ya nywele!"

Nikamgeukia Bethwel. Anaangalia viatu vyake.

"Daktari alisema usipopumzika utakufa," akasema polepole. "Sasa mimi ningemwambia Mama aje? Ati bibi yangu alale, yeye afanye kazi?"

Nilikasirika, jamani. Mwanaume mzima, anajificha nyuma ya sabuni! Na bado nilitaka kulia, kwa sababu uongo huo ndio ulinipa nafasi ya kupona.

Tulikuwa tumesahau kwamba mama mkwe yuko hapo karibu na moto, anamenya viazi.

"Na mimi?" akauliza. Sauti haikuwa na hasira. "Nimezaa tisa. Nimelima tangu wakati ya wazungu. Mimi nani alinisomea karatasi?"

Kipyego akaacha kucheka. Mama mkwe akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya.

Kesho yake mama mkwe akaamka alfajiri kukamua ng'ombe, kama kawaida. Nasi tukamwacha.

Mwaka uliofuata, tulipomfikisha hospitali, moyo wake ulikuwa umeisha nguvu kabisa. Hakumaliza wiki mbili. Na chupa mpya ya vidonge aliyokuja nayo Kipyego ilikuwa imekaa kabatini muda huo wote.

Mnaniuliza kila siku kama koenzaimu inasaidia. Mimi naamini ilinisaidia, pamoja na tembe za daktari na ule usingizi. Kipi kilifanya kazi zaidi, sijui. Muulize daktari wako kwanza.

Lakini ukiona mtu kwenu amechoka, mwambie apumzike, kwa mdomo wako mwenyewe, na umpokee kazi. Siku ile mama mkwe alipouliza, tulikuwa watatu pale jikoni, wote tumemsikia, na hakuna aliyesimama kumpokea hata kile kisu cha viazi.