Mada ya Leo ni Mwahija

Mwahija alikuwa anageuza changu kwenye karai, pale sokoni Kilwa Masoko, simu yake ikalia mara saba mfululizo. Hakushtuka. Ilikuwa saa ya Kijiwe cha Fikra, kundi la WhatsApp la watu wa pwani ya Kilwa na Lindi na jamaa zao waliohamia Dar, watu mia mbili na kumi na wote wana midomo. Kila siku saa tatu asubuhi Tawakali, kiongozi wa kundi, huweka mada, na watu huipasua mpaka adhuhuri. Ukimkuta mke wa rafiki yako na mwanaume mwingine, utasema au utanyamaza? Mgonjwa akikuuliza kama atapona, na wewe unajua haponi, utamjibu nini? Mwahija aliishia darasa la saba, lakini mle ndani hakuna aliyewahi kumfunga mdomo, hata mwalimu Boniface wa Rondo anayeandika maneno marefu kama barua ya posa.

Akafuta mafuta mkononi kwa ncha ya kanga, akafungua simu.

Mada ya leo ilikuwa yeye.

Jina halikuandikwa. Tawakali aliweka video ya sekunde thelathini, ameiokota huko inakookotwa. Mwanamke kavaa kanzu ya mwanaume juu ya gauni lake, anachechemea uani kwenye msiba, anagombeza watu kwa sauti ya kukwaruza: "Nani kaokota korosho zangu? Nimekufa, sijapofuka." Halafu anajilaza mlangoni, jeneza lisipite. Chini yake Tawakali kaandika: "Huyu mama anamdhihaki maiti mbele ya mjane. Je, ana utu? Tujadili kwa hoja, bila matusi."

Wakajadili.

"Hana hofu ya Mungu," aliandika mmoja.

"Akapimwe akili," akaandika mwingine.

Mwalimu Boniface akaja na lake: "Utu wa mtu hauishi anapokata roho. Marehemu hawezi kujitetea, kwa hiyo kumcheka ni kumwonea." Vidole gumba hamsini na kitu.

Mwahija alisoma mpaka changu akaungua upande mmoja. Marehemu mwenyewe ni Yasini wa Kitomanga, mtani wake. Koo zao zinataniana tangu enzi za mababu. Akifa wa huku, wa kule ndiye anayekuja kuteka maji, kupika, kufagia uwanja, na kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Siku ya arobaini ndiye anayekunja jamvi la matanga, na asipolikunja yeye, msiba haujaisha. Mtani asiyefanya hayo ndiye anayesemwa. Yasini alichechemea kwa sababu alianguka kutoka juu ya mkorosho, na korosho zake alizijua moja moja kwa sura. Nani hakulijua hilo? Kazija, mjane mwenyewe, siku ile alicheka mpaka akajishika mbavu, ndipo akalia, kilio cha kutoka tumboni, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Kipande hicho kwenye video hakikuwemo.

Watu wa Dar aliwaelewa, hawajui kitu. Kilichomchoma ni wale wengine. Nusu ya kundi wamezaliwa kwenye nyua zenye watani, wamepikiwa na watani, baba zao wamezikwa na watani. Leo wote kimya, wasije wakaonekana washamba.

Akabonyeza kitufe cha sauti. "Mimi ndiye huyo mama. Mwahija, mkaanga samaki. Marehemu yule ni mtani wangu, na mnaojua maana yake mnajijua. Semeni, au mmemeza mawe?"

Hakuna aliyesema, isipokuwa mmoja, na huyo ni Bashiru, mtoto wa Yasini, aliyelelewa Dar na shangazi yake tangu hajaanza shule. "Bi Mwahija, nakuheshimu kama mama," aliandika. "Ila wenzangu kazini wameiona hii video, wananiuliza kwetu ni watu wa namna gani. Jumapili ni arobaini ya baba. Nimeshatafuta wapishi kutoka Lindi mjini. Naomba usije."

Watu wakammwagia mioyo myekundu.

"Usiende, da Mwahija," alisema Maimuna, muuza mchicha wa meza ya pili. "Watakuaibisha."

"Wameshaniaibisha. Sasa naenda kuwaangalia usoni."

Wiki nzima alikaanga samaki kwa hasira, na wateja wakala kwa adabu. Mwezi uliopita mada ilikuwa mwanamke wa Songo Mnara aliyekataa kumuuguza baba yake aliyemtelekeza akiwa mdogo, na Mwahija alimwita gogo, watu wakacheka siku mbili. Sasa akajiuliza kama yule naye alikuwa amekaa mahali, anasoma. Wazo hilo halikumpoza. Lilimwongezea hasira, maana sasa sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumapili akateremka basi Kitomanga. Uani kwa Yasini alikuta wapishi watatu wa kofia nyeupe, na Bashiru kasimama na kanzu iliyonyooshwa ikakatika mistari.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba. Yaseme."

"Yapi?"

"Uliyoyaandika. Kule uliyasema mbele ya watu mia mbili na kumi, hapa hata thelathini hatufiki. Yaseme, nimekuja kuyasikiliza."

Bashiru akatazama pembeni. "Mama, sikutaka ugomvi. Nilitaka heshima."

"Ya nani? Ya Yasini, au yako huko kazini?"

"Ya baba. Hata angekuwa mnyama, amekufa."

"Angekuwa mnyama nisingejisumbua nauli."

Sauti ya Kazija ikatoka chumbani, alikokaa eda. "Bashiru, muache aingie. Na wewe uje."

Wakaingia. Kazija alikuwa kwenye godoro chini, amekonda.

"Kaa, Mwahija. Usije kunifokea na mimi."

"Sifoki."

"Unafoka tangu uko barabarani, tumekusikia." Akavuta kanga mabegani. "Sikia. Siku ile nilicheka. Lakini huyu aliponionyesha kwenye simu, sikucheka. Nilimwona mwanamke mkali kavaa kanzu ya mume wangu. Nikaona aibu. Ndiyo maana sikukupigia."

Hilo lilimpiga Mwahija kuliko yote ya Kijiweni. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Ningekuficha ningekuwa mnafiki. Sasa inuka umwigize tena, hapa hapa, nimwone. Simu hiyo, Bashiru, iweke nje."

Mwahija hakuhitaji kujiandaa. Yeye alikuwa na hasira, na Yasini maisha yake yote alikuwa mtu wa hasira. Akainuka, akaburuta mguu wa kushoto, akamnyooshea Bashiru kidole. "Wewe wa Dar. Hao wapishi wako pilau yangu wanaipikia kwenye kofia? Na hiyo kanzu kainyoosha nani, mbona ina mistari kama daftari la shule?"

Kazija akacheka, akafunika mdomo, kanga ikatikisika. Bashiru aliangalia sakafu.

"Mguu ulikuwa wa kulia," alisema.

"Nini?"

"Baba alikuwa anaburuta wa kulia."

"Nilikuwepo alipoanguka. Nilisaidia kumbeba. Ni wa kushoto."

Wote wawili wakamgeukia Kazija.

"Wa kushoto, mwanangu," alisema Kazija taratibu.

Bashiru akakaa chini palepale, kanzu na mistari yake, akauficha uso magotini. Walimuacha. Alipomaliza alisema, "Nitaufuta ule ujumbe."

"Usifute," alisema Mwahija. Huruma ilikuwepo, lakini hasira ilikuwa imefika kabla yake. "Walikusoma, sasa wakusikie. Kwa sauti yako, mbele yangu."

Bashiru akaifuata simu nje, akarudi, akarekodi sauti. Akasema yule mama ni mtani wao, kazi aliyoifanya ni yake, mama yake alicheka, na yeye ndiye aliyekosea.

Wakangoja. Kidole gumba kimoja. Kidole gumba cha pili. Mwalimu Boniface akaandika, "Asante kwa ufafanuzi." Basi. Mada ya leo ilikuwa nyingine: mkwe akikupikia chakula kibaya, ni unafiki kukisifia? Ujumbe mia moja sitini, na watu walikuwa wanachambana kuhusu wali bokoboko.

Mwahija aliutazama ule mjadala unavyopanda. Siku nzima walimchana, na kumshona ni vidole gumba viwili. Akamrudishia Bashiru simu yake, akatoka uani, akawaambia wapishi wahamishe masufuria yao. Akaanza kufagia, kwa nguvu, vumbi likiwafuata wenye kofia. Alipofika kwenye jamvi la matanga, Bashiru alikuwa ameshainama, ameshika ncha moja, anataka kusaidia.

Mwahija akampiga kofi mkononi.

"Acha. Wewe ni mfiwa. Hii si kazi yako."