Skrini Ndogo ya Kilwa

Mwanangu, kila mtu anaponiuliza kwa nini nusu ya skrini yangu iko tupu, alasiri moja ya zamani hunirudia. Nilikuwa na umri kama wako, nimekaa peke yangu katika chumba cha nyuma cha ofisi moja hapa Lubumbashi. Juu ya skrini, rafiki yangu alikuwa ameandika neno moja: "Uko?" Nikamjibu: "Niko." Akaandika tena: "Uko?" Nikamjibu tena. Akauliza mara ya tatu, nami nikaanza kukasirika.

Nikueleze kwanza tulivyofika hapo, maana habari hii haieleweki ikianzwa katikati.

Nyumba ya biashara iliyotuajiri ilinunua samaki waliokaushwa kutoka ziwa Mweru. Mimi nilitunza mashine kubwa hapa mjini. Rafiki yangu Kalenga alikuwa amepelekwa Kilwa, kwenye depo iliyo karibu na maji, aandike mizigo iliyoingia na iliyotoka. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, kwa hiyo aliniita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu. Kule hakuwa na ndugu wala jamaa. Mimi nami, alipoondoka, sikubaki na mtu wa kuzungumza naye habari za mashine. Wenzangu ofisini walinisalimu asubuhi na kuniaga jioni, basi.

Depo ilikuwa na sahani ya satelaiti na kompyuta moja ya zamani. Mstari ule wa mawasiliano ulifika kwenye mashine yangu tu, na ulikatika ovyo. Kila ulipokatika, kazi ambayo Kalenga hajaimaliza ilipotea, akaanza upya. Ndiyo sababu nilianza kuandika programu ya kuishika kazi yake isipotee. Programu za namna hiyo zilikuwepo tayari, tena nzuri kuliko yangu. Lakini sikuwahi kukaa mbele ya mwalimu wa kompyuta hata mmoja, na njia yangu ya kuelewa kitu ni kukijenga.

Programu kama hiyo husimama katikati ya mtu na mashine. Mtu akikatika, yenyewe inabaki imeshika kazi yake; akirudi, anaikuta pale alipoiacha. Inaweza pia kugawa skrini moja vipande viwili, na kuwaonyesha watu wawili walio mbali skrini hiyo hiyo. Mimi niliigawa hivi: kipande cha juu cha Kalenga, cha chini changu. Niliandika programu, yeye akaijaribu na kuniambia inapovunjika. Kazi ikiisha, tuliacha vipande wazi, tukapiga soga, yeye juu, mimi chini.

Ilivunjika sana mwanzoni. Unajua kwamba terminali, lile dirisha la maandishi, ina mipangilio yake. Kwa kawaida inakurudishia kila herufi unayoandika ili uione, na inangoja umalize mstari kabla ya kuupeleka. Programu yangu ilibidi izime yote mawili ili ishike kila herufi yenyewe. Nilijua kuzima, sikukumbuka kuwasha tena. Kalenga alipotoka kwenye programu, akawa anaandika bila kuona herufi hata moja. Alipofaulu kurudi, akaniandikia: "Yaya, umenitoboa macho! Naandika sawa kipofu, na bosi anasimama nyuma yangu anasema nalala." Nilicheka peke yangu mpaka mtu akafungua mlango kuangalia. Siku ile nilijifunza kuuliza terminali mipangilio yake kabla sijaigusa, kuihifadhi, na kuirudisha hata programu ikianguka ghafla. Bado nafanya hivyo.

Kisha ofisi ikanipa skrini mpya, kubwa. Ya zamani ilionyesha mistari ishirini na minne, sawa na ile ya Kilwa. Mpya ilionyesha hamsini. Niliigawa nusu kwa nusu kama zamani, nikafurahia nafasi. Kuanzia wiki ile Kalenga akaanza kuuliza: "Uko?"

Usidhani nilipuuza. Nilitafuta kosa kwa utaratibu, kama nilivyojizoeza. Kwanza nikaangalia kama herufi zinarudishwa, zilirudishwa. Nikaangalia kama kuna aliyebonyeza kwa bahati mbaya vibonye vile viwili vinavyosimamisha maandishi mpaka terminali inaganda, hapana. Nikaiuliza mashine upana na urefu wa dirisha. Ikanijibu vipimo vya skrini yangu, sawasawa. Nikaridhika. Kila nilichopima kilikuwa sahihi, na Kalenga bado aliuliza.

Basi nikahamisha kosa, nikalitoa kwenye mashine na kumpa yeye. Alikuwa mtu wa mizaha; nikasema ananichezea. Kisha akaandika: "Umefunga upande wako, yaya? Nilikukosea nini?" Nikamwandikia kwa ukali kwamba upande wangu uko wazi, asome. Kesho yake akauliza tena kana kwamba sikusema kitu.

Nilipanga chumba mtaa wa Kamalondo, kwa Mama Feza, mjane wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema zamani. Yeye pia aliuza samaki, na alienda Kilwa mara kwa mara kuwachukua; kule alimfahamu Kalenga. Jioni moja alirudi na vumbi la barabara usoni, akashusha mizigo, na kabla hajanawa akaniita uani.

"Weye kijana, ule mwenzako wa Kilwa ulimufanya nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu, na anakonda vile? Namukuta anakaa mbele ya mashine sawa muntu anachunga maiti. Anasema unamunyamazia."

"Mama, namujibu kila siku! Kuja ku biro, ku kazi yangu, kesho nikuonyeshe mashine."

"Unionyeshe nini? Ile iko kwako. Ulishaenda kuona ya kwake?"

"Nilipima kila kitu. Iko muzuri."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Iko muzuri kwako! Sawa mimi nipime samaki hapa uani, niseme kule Kilwa kilo zimetimia. Banunuzi batanipiga na mizani yangu." Kisha akanitazama kwa upole uliouma kuliko maneno. "Mutoto yangu, weye unajua mingi. Lakini haujakaa pa kiti yake. Nenda basi ku phonie, umusikie sauti."

Phonie ilikuwa redio ya kuitia miji ya mbali. Watu walipanga foleni, ukapiga kelele zamu yako ilipofika, na kila mtu chumbani akasikia mambo yako. Nikasema ina makelele mengi.

"Camion, ile lori ya samaki, inarudi kule soko ikiisha. Panda."

"Nimalize kwanza kuangalia, mama."

"Malizia," akasema, akaenda kunawa.

Nikarudi kuangalia. Nilisoma upya programu yote, mstari kwa mstari, nikiwa kwenye kiti changu kile kile, mbele ya skrini yangu ile ile.

Ndipo Kalenga alipoandika maneno marefu kuliko kawaida. Nayajua mpaka leo. "Yaya, mujomba ananiita kule ng'ambo ya ziwa, Nchelenge. Kazi iko. Hapa niko peke. Ukisema nibaki, ntabaki, tumalize programu yetu. Ukinyamaza, nitajua."

Sikunyamaza, mwanangu. Hasira yote iliniisha. Niliandika hapo hapo: baki. Niliandika kwamba bila yeye programu ile haina maana, kwamba nami niko peke yangu, kwamba nitamwomba mkubwa wetu amrudishe mjini. Sijawahi kumwambia mtu mambo kama yale, kabla wala baada. Nikangoja. Kipande cha juu hakikusogea. Kesho yake pia hakikusogea. Nikaenda kumtafuta Mama Feza. Alinionyesha tu lori.

Mvua zilikuwa zimeanza. Tulikwama kabla ya kufika Kasomeno, tukasukuma, tukakwama tena kwenye njia ya Kilwa. Nilipofika depo, matope magotini, mlinzi mzee akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Weye njo yaya wa Lubumbashi?"

"Njo mie, papa. Kalenga iko wapi?"

"Alivuka. Alikungojea pa mashine mpaka benye boti bakakuja kumuita mara mbili. Alisema, 'Papa, ngoja kidogo, labda atajibu.'" Akatikisa kichwa. "Mashine hatukuizima. Alisema labda utajibu kisha."

Nikakaa pa kiti cha Kalenga. Skrini ilikuwa ndogo, ya mistari yake ile ile ishirini na minne. Na yote, kutoka juu mpaka chini, ilijaa maneno yake mwenyewe. "Uko?" "Umefunga upande wako?" "Ukinyamaza, nitajua." Hakukuwa na neno langu hata moja.

Nililielewa kosa kabla sijagusa kibodi. Programu yangu ilichukua kipimo cha terminali iliyofunguliwa kwanza, na kila siku iliyofunguliwa kwanza ilikuwa yangu. Kwa terminali iliyo ndogo zaidi, nilikuwa nimeandika kwamba kilichozidi kikatwe. Nusu ya juu ya skrini yangu mpya ilikuwa mistari ishirini na minne. Ikamjazia Kalenga skrini nzima. Nusu ya chini, mlimokuwa na majibu yangu yote, ilianzia pale macho yake yalipoishia. Mashine haikunidanganya nilipoiuliza kipimo. Niliiuliza kipimo changu.

Niliandika hapo juu, upande wake: "Niko." Likaonekana vizuri kabisa. Na kule Lubumbashi pia lilionekana, juu ya skrini kubwa, katika chumba kilichofungwa ambamo hapakuwa na mtu.

Kurekebisha hakukunichukua muda. Programu ikawa inauliza kila terminali iliyounganishwa kipimo chake, inachukua kilicho kidogo kuliko vyote, na kuigawa skrini humo. Mtu akibadilisha ukubwa wa dirisha lake, inauliza upya na kuiarifu kila kazi iliyo ndani. Mwenye skrini kubwa anabaki na sehemu tupu. Sehemu yangu tupu nimeizoea. Sijaifuta wala kuijaza.

Kalenga nilimtumia salamu kupitia wauzaji samaki, na maelezo yote ya kosa lile, kwa karatasi. Baada ya misimu miwili ya mvua, Mama Feza aliniletea jibu kwa mdomo: amesikia, na ameoa. Hakuandika tena. Sikumlaumu. Mtu aliyeuliza mara nyingi vile na kuona maneno yake tu ana haki ya kuchoka.

Sasa wewe, mwanangu, nasikia unajenga programu yako mwenyewe, na kwamba umejifungia nayo. Vizuri. Hifadhi mipangilio ya terminali kabla ya kuigusa, na irudishe ulivyoikuta. Usidhani kipimo chako ni kipimo cha wote. Uliza kila aliyeunganishwa, na umpangie nafasi yule mwenye skrini ndogo. Na mtu akikuambia hakuoni, usimwonyeshe skrini yako. Acha kuangalia, inuka, panda lori, panga foleni ya phonie kama iko bado, ukakae pa kiti yake. Nenda hata kama mvua zimeanza, na hata kama bado hujamaliza kuangalia. Mimi nilitaka kumaliza kwanza.

Mungu akupe katika kazi hii ya upweke mtu wa kukuuliza, "Uko?" Na jibu lako limfikie angali amekaa pale.