Slaidi Ishirini za Leonida

Mume wangu Mwikwabe amechoka. Nalisema mapema kwa sababu watu wa hapa Nkende wakimwona amekaa mbele ya kompyuta wanadhani anapumzika.

Kazi inayotupa ugali ni kutengeneza printa na simu kwenye kibanda, yeye na mwenzake Heche. Kazi inayomchosha ni nyingine. Anaandika draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa kilichochomekwa, kwa ajili ya mfumo wa kompyuta ambao si mali ya mtu. Watu wa dunia nzima wanauandika bure na wengine wanautumia bure. Siku moja Heche alimwuliza, "Mura, ndugu yangu, sasa hao watu wanakupa nini?" Mwikwabe akafikiri sana, kisha akajibu, "Wananikosoa."

Yote yalianza na dada Leonida. Ni mtu wa Geita, mpima damu kwenye zahanati moja upande wa Machochwe, kule karibu na hifadhi ambako tembo huvuna mahindi kabla ya mwenye shamba. Jicho lake la kushoto lina ukungu, na la kulia linabeba kazi ya mawili. Wageni fulani walipita wakamwachia kamera ndogo ya kuvalisha juu ya hadubini, damu ikawa inaonekana kubwa kwenye skrini, asibane jicho kutwa nzima. Ikamsaidia sana mpaka kompyuta yake ilipokufa. Iliyofuata ilikuwa na huo mfumo wa bure, na mfumo haukuitambua kamera. Leonida akarudi kubana jicho.

Mwikwabe akaandika draiva ya ile kamera. Ilimchukua miezi minne. Ilifanya kazi, lakini kila mfumo uliposasishwa draiva ilikataa, na yeye akapanda pikipiki: Nyamongo, Mto Mara, Mugumu, Machochwe. Kiangazi unakula vumbi, masika unasukuma pikipiki kwenye tope. Dawa ilikuwa moja tu. Draiva ikikubaliwa kuingia ndani ya mfumo wenyewe, wanaouandika mfumo wataitunza pamoja na zao, na kompyuta ya Leonida itaipata bila mtu kwenda. Hicho ndicho mume wangu alichokitaka, ikubaliwe, kisha alale. Mimi nilikitaka kuliko yeye.

Sasa kukubaliwa kuna mkaguzi. Anakaa Ulaya, hatujawahi kumwona sura, lakini nyumbani kwetu anatajwa kuliko mjomba yeyote. Toleo la kwanza alisema ni refu mno, likatwe vipande. La pili, vipande vimepangwa vibaya. La tatu, maelezo hayatoshi. La nne, maelezo yamezidi. Na kila toleo huwa na mstari chini ambapo mwandishi anatia jina lake na kusema amelijaribu kwenye kifaa chenyewe. Kifaa chenyewe tunakijua kimoja, na kiko Machochwe. Kwa hiyo mkaguzi akiandika "badilisha kidogo", sisi tunasoma "washa pikipiki".

Toleo la tano alilijaribu mwezi wa nne. Alirudi siku ya pili yake, mgongo umekaza, suruali imekuwa udongo mtupu. Barua ya mkaguzi ilikuwa imemtangulia. Safari hii alitaka kitu kidogo kabisa. Kwenye mstari unaoeleza mpangilio wa rangi za kamera Mwikwabe alikuwa ameandika namba, na mkaguzi alitaka badala yake atumie jina lililo kwenye orodha yao.

Mwikwabe akabadilisha. Halafu akakaa anautazama ule mstari wa chini wa toleo la sita.

Nikamwambia, "Baba Ghati, andika umejaribu."

"Sijajaribu."

"La tano si umelijaribu? Hili ni hilohilo, limebadilishwa shati."

"Mama Ghati, jina langu lile."

"Na mgongo je, si wako?"

Sitajitetea. Nilikuwa nimechoka kufua tope, nimechoka kumdanganya mtoto kwamba baba anarudi leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kutwa nawachapa kwa maneno watoto wanaonakiliana majibu, halafu nikasimama nyuma ya kiti cha mume wangu nikamfundisha kunakili. Akaandika. Siku ya nne likaja jibu fupi, limekubaliwa. Tulichinja kuku, na Heche akala mapaja yote mawili.

Mwezi wa sita shule zilipofunga tukaenda wote wawili Machochwe kumwekea Leonida draiva mpya. Mfumo mpya ulioibeba ulikuwa bado kwenye majaribio, zimebaki wiki tatu utolewe kwa watu wote duniani. Nilibeba ndizi na soda, kama mtu anayekwenda kutoa mahari.

Leonida alitupokea vizuri. Mwikwabe akaweka draiva, Leonida akateua slaidi, kioo chembamba chenye damu ya malaria anayoifahamu, akaipachika chini ya lenzi. Picha ikaja safi kabisa kwenye skrini. Nikaanza kupiga makofi.

Leonida hakupiga. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Fundi, hii damu ni ya nani?"

"Si umeiweka wewe, dada?"

"Niliyoiweka mimi naijua. Kijidudu kina kiini chekundu na mwili wa bluu. Huyu wako ana kiini cha bluu na mwili mwekundu. Na seli zenyewe zimekuwa za bluubluu, kama zimepigwa na baridi."

Mwikwabe aliinamia kompyuta. Alifungua ule mstari mmoja, akausoma, akashika kichwa. Majina mawili kwenye orodha ya mkaguzi yanafanana karibu herufi zote, nyekundu ikitangulia au bluu ikitangulia, na yeye alichukua la pili. Slaidi moja tu mwezi wa nne ingelionyesha kosa.

"Hapa kwangu si neno," Leonida alisema. "Mimi nitajua. Lakini yule wa kwingine anayejifunza leo, anayeambiwa tafuta kiini chekundu, atatafuta mpaka lini? Atamwambia mgonjwa hana kitu."

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya kwetu ilikuwa fupi na ilitufikisha pale. Nilijisikia vibaya, nikatamani kukaa nje.

Mwikwabe angeweza kutuma marekebisho akanyamaza. Makosa ya kuchagua jina hutokea, hakuna ambaye angemwuliza. Nilimwona akiandika, nikasoma begani mwake. Aliandika kwamba rangi zimegeuka, kosa ni lake, toleo la sita alisema amelijaribu na hakulijaribu.

"Andika ni mimi niliyekusukuma," nikamwambia.

"Jina lililo pale ni la nani?"

"Lako."

"Basi."

Akatuma, akaegemea ukuta akafumba macho. Alionekana mzee. Niliogopa kwamba watamfungia mlango kabisa, miaka miwili ya pikipiki iishe kwa sentensi moja niliyoitunga mimi.

Jibu lilikuja kabla hatujamaliza ndizi. Mkaguzi alishukuru kwa kuambiwa mapema. Alitaka marekebisho yatumwe leo hii, na akaongeza sharti. Kwa kuwa neno la mwandishi limeshayumba, safari hii mtu mwingine ajaribu, atie jina lake kwenye mstari wa chini.

Mume wangu alimsomea Leonida kwa sauti ya chini, pamoja na hilo la neno kuyumba. Hakuliruka.

"Jina langu mimi?" Leonida akauliza. "Mimi sijui hata kuandika hizo draiva."

"Kuandika ni kwangu. Wewe unaijua damu."

"Na likiandikwa linakaa mpaka lini?"

"Halifutwi, dada. Hata tukifa."

Leonida akaitoa ile slaidi chini ya lenzi. Kisha akaenda kabatini, akatoa boksi la slaidi za kujifunzia, zilizothibitishwa zamani, ishirini. Mwikwabe akaweka jina sahihi kwenye ule mstari, akaiweka draiva upya, Leonida akaketi. Kila slaidi aliitazama kwanza kwenye hadubini kwa lile jicho lake moja, kisha kwenye skrini, kisha akaniambia niandike kama rangi zinalingana. Ya tano nikamwomba atosheke. Akasema ya tano ikiwa nzuri haiisemei ya kumi na tisa. Ya kumi na mbili jicho likaanza kutoa machozi, akajifuta kwa kiwiko, akaendelea. Mwikwabe alikuwa amelala kwenye benchi, mdomo wazi. Mimi nilikuwa naandika vizuri huku mkono unaniuma, na sikuthubutu kulalamika.

Ya ishirini ilipotoka akafunika jicho kwa kiganja.

"Mwamshe. Aandike Leonida Masalu. Na aandike nimetazama ishirini."

Akaamka, akaandika, akatuma. Tukavaa makoti. Jua lilikuwa limeinama na tulitaka kufika Mugumu mapema. Nilikuwa nimeshika helmeti simu ilipolia.

Mkaguzi ameridhika na rangi. Ila mwisho wa mstari wa tatu imebaki nafasi moja tupu, mguso mmoja wa kidole uliozidi, aitoe kisha atume tena.

Mwikwabe akarudi kwenye kompyuta, akaitoa ile nafasi. Akautazama mstari wa chini wenye jina la Leonida. Mimi pia niliutazama. Ile ilikuwa nafasi tupu, haigusi rangi wala kamera, mtoto wa darasa la tatu angejua. Maneno yalinifika mdomoni, nikayasikia kabisa yanavyofanana na yale ya mwezi wa nne.

"Dada Leonida," mume wangu akasema, "nisamehe sana. Toleo limebadilika."

Leonida aliguna kwa uchungu, akavuta kiti.

Nikaweka helmeti chini, nikamsogezea boksi. Slaidi ya kwanza niliitoa mimi mwenyewe.