Mbwa aliyegoma kula Katubuka, nikamzungusha Kalinzi mpaka Kibondo kumtafuta mwenyewe

Wakuu, salamu kwenu wote mlioko humu.

Tangu asubuhi naona nyuzi za siasa na ndoa tu. Ngoja leo nilete ya mbwa. Sitii chumvi hata punje, na shahidi wangu yupo Kasulu mzima wa afya.

Miaka ya tisini, ile ya wakimbizi, nilikuwa bwana mifugo Kigoma. Mimi Mdigo wa Tanga. Kwetu mbwa anaangaliwa kwa mbali, lakini serikali ikishakukabidhi sindano utamshika tu, utanawa baadaye. Mama yangu mpaka leo anajua nilikuwa natibu ng'ombe.

Nilipanga Katubuka, mtaa wa pale Kigoma. Kwenye pagala la jirani alifikia mama mmoja wa Rumonge, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kwa mtumbwi na sufuria mbili na mbwa mmoja mweupe. Mama anaitwa Esperansi, mbwa anaitwa Sabuni.

Asubuhi moja likaja lori la kuwapeleka kambini huko Kibondo. Sabuni akakataliwa. Ni watu na mizigo tu.

Mama Esperansi hakubishana. Alichana kipande cha kitenge chake, akamfunga mbwa kwenye nguzo ya baraza langu.

"Dogiteri," akaniambia, "katika nyumba yangu amebaki huyu. Utamuleta, mwana wanje."

Aliponiita mwanangu kwa lugha yao, nikasema nitamleta. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Basi wakuu, Sabuni akagoma kula.

Ugali hagusi. Dagaa hagusi. Nikamwekea kichwa cha samaki wa ziwani, mgebuka, kile ambacho hata mimi nilikuwa nakitamani, akakaa mbele ya sahani, mate yanadondoka, ananikazia macho. Nikiondoka na kurudi nakuta sisimizi ndio wanakula.

Mtaalamu nikasema hii ni minyoo, nikampa dawa. Siku ya pili nikasema homa ya kupe, nikamchoma sindano. Siku ya tatu vitamini. Jirani mmoja akanichungulia juu ya ua akasema, "Bwana mifugo, huyo mbwa wa watu unammaliza."

By the way, wenye akili mmeshajiuliza: mbwa mgonjwa anadondoshaje mate mbele ya chakula? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na cheti ukutani.

Siku ya nne mbavu zinahesabika na mimi usingizi sina. Nilikuwa namwona yule mama akinipokea kambini, mimi nina kitenge mkononi na mbwa hayupo.

Bahati safari ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikaangukia siku hiyo: Kalinzi, Manyovu, Kasulu, mpaka Kibondo, tunalala kwenye tenti. Nikampakia Sabuni kwenye Land Rover, juu ya magunia. Dereva alikuwa Mzee Ndabaniwe, Muha wa Kasulu, mzee wa kanisa. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akawasha gari.

Kalinzi tukapiga tenti kando ya shamba la kahawa, mchana, baridi ile ya mlimani. Tukapika ugali na maharage. Nikamtengea Sabuni sahani yake, akakaa na macho yake yale yale.

Mzee akavua kofia, akaanza kusali. Alishukuru mvua, alishukuru matairi, aliishukuru hadi gia namba mbili. Mwisho akasema, "Amina."

Wakuu, Sabuni aliingia kwenye ile sahani na kichwa kizima. Alilamba mpaka sahani ikateremka mlimani, akaifuata.

Mimi nikaruka juu. "Umeona Mzee? Vitamini hizo!"

Mzee akaendelea kutafuna taratibu.

Kesho yake asubuhi Mzee yuko chini ya gari anakaza nati. Nikampa Sabuni uji. Akakaa. Mate. Macho. Nikaanza kufungua boksi la sindano.

Sauti ikatoka chini ya gari. "Acha sindano. Msalie."

"Nimsalie nini?"

"Mbwa anangoja Amina. Jana hukuona?"

Nikamgeukia Sabuni, naona aibu hata kwa mibuni. Nikasema, "Amina."

Uji ukaisha kabla sijafunga mdomo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye umande. Siku nne, sindano mbili na dawa ya minyoo, na ugonjwa wenyewe ni kwamba kwangu hapasaliwi kwa namna yake. Mimi nasema Bismillah naanza kula, yeye anangoja mwisho wa sala ambayo haijaanza.

Kuanzia hapo safari ikawa sherehe. Mzee akampa cheo cha mzee wa kanisa msaidizi, na akanikatalia kusema Amina kavu. "Sala ina maneno, bwana." Basi mimi Mdigo, mara tatu kwa siku, nikawa nashukuru kwa radieta, kwa daraja, kwa kuku wa Manyovu, mbwa kainamisha kichwa.

Vijijini watu walikuwa wanaficha mbwa wao, wanasema chanjo inaua. Tukimshusha Sabuni, mweupe, kanenepa, anakula kwa maombi, wanaleta mbwa wenyewe kwa kamba za migomba. Pale Malagarasi akajirusha mtoni, nikamfuata na viatu. Tuliendesha mpaka Kibondo tukinuka mbwa wote watatu, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuieleza ofisini.

Kambini ndipo nikaona ugumu wake. Nyumba za maturubai mpaka upeo wa macho. Tukauliza Esperansi, wakaletwa kina Esperansi wanne, hakuna aliye wetu. Nikaanza kufikiria kurudi na Sabuni, na sitawaficha, sehemu yangu moja ilifurahi.

Ilikuwa Jumapili. Ibada ilikuwa uwanjani, na pembeni masufuria ya maharage ya sherehe ya kipaimara. Tumesimama nyuma, mhubiri akamaliza sala, umati wote ukaitika kwa pamoja: "Amina!"

Sabuni alinichomoka na kitenge chake. Alipita chini ya mabenchi, akapita kwaya, analenga masufuria. Akina mama wakanyanyua miiko. Mzee Ndabaniwe akafunika uso kwa kofia.

Ndipo sauti ya mama ikasikika katikati ya watu, wala haikupanda. "Sabuni. Hiyo si ya chakula."

Mbwa akasimama palepale, akakaa. Kisha akageuza kichwa.

Mama Esperansi alikuwa ameshakaa chini kwenye vumbi, mikono wazi, analia na kucheka. Na mimi nililia, wakuu.

Baadaye akatupakulia maharage, akauliza kama Sabuni alikuwa anakula. Nikamsimulia zile sindano. Akacheka sana, halafu akamshika mbwa sikio.

"Nilimufundisha angoje, asiwanyang'anye watoto wangu wakiwa wadogo," akasema. "Watoto hawapo sasa. Yeye bado anangoja."

Mzee Ndabaniwe akavua kofia, akasali, na safari hii ilikuwa fupi. Tukala wote wanne.

Nilirudi Katubuka peke yangu. Nikaweka ugali na mgebuka, nikasema Bismillah, mkono ukagoma kwenda. Kwenye nguzo kilikuwa kimebaki kipisi cha kitenge.

Nilichojifunza: kabla ya kumtibu kiumbe, muulize aliyekuwa anaishi naye anaishije. Mama alikuwa palepale ng'ambo ya ua wiki tatu, sikumuuliza hata jina la chakula anachopenda mbwa wake.

Na wewe uliyewahi kulea mnyama wa mtu, tupia yako hapo chini. Wa kunikejeli kwa zile vitamini nao karibuni.

Mimi mpaka leo nikishanawa natulia kidogo mbele ya sahani. Mke wangu huniuliza namngoja nani.