Kompyuta Iliyojua Kuamkia

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu. Jua la Kwihara lilikuwa utosini, mchana mweupe, nami nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba ya watu nikimsikia marehemu akimwamkia baba yake.

Nakusimulia kwa sababu juzi niliwasikia wewe na wenzako mkibishana dukani kwangu. Mmoja anasema distro yake ni nyepesi, mwingine ya kwake ina sura nzuri, wa tatu anawacheka wote wawili kwa kuwa yeye hutumia ile ngumu ambayo mtu huijenga mwenyewe kipande kwa kipande. Mkanigeukia mimi niamue. Sikuamua. Jibu langu ni refu, na chai ilikuwa inapoa.

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ni kama unga, mwanangu. Unga ni uleule, ila huyu kapika ugali, yule uji, yule maandazi. Hizo ndizo distro. Kinachomfanya mtu aache ugali wa jirani ale uji wake, hicho ndicho mlichokuwa mnabishania bila kukigusa.

Mimi nilirudi Tabora nikiwa kijana mwenye stashahada ya kompyuta, na sisemi hivi kwa kunong'ona. Hakuna mjomba aliyenilipia. Niliuza asali ya Sikonge kwenye chupa za maji, nikapanda treni, nikasoma Dar es Salaam, nikafaulu, nikarudi na cheti kwenye fremu ya kioo. Mmeiona ukutani. Wenzangu wengi walibaki kule wakipanga vyumba. Mimi nilirudi na kufungua duka langu mwenyewe, wakati ambapo ukitaja Linux katika mji huu mtu alidhani ni dawa ya kikohozi. Kila kompyuta iliyoingia dukani niliifuta, nikaweka distro niliyoipenda mimi, mpya kuliko zote. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ndipo akaja Bibi Nyamizi wa Kwihara, tuliyesali naye kanisa moja. Mumewe, Mzee Maganga, alikuwa mwalimu wa kwaya mstaafu, na macho yake yalikuwa yamekwishazimika.

"Wewe ndiye yule mtoto mwenye cheti?" aliniuliza baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Ndiye mimi, bibi."

"Mzee ana kompyuta ya zamani. Nataka uitoe hiyo Linux iliyomo, uweke nyingine."

"Ina kasoro gani?"

Akatazama barabarani. "Haina kasoro. Inaongea."

Nikacheka, nikamweleza kwamba kompyuta ya asiyeona lazima iongee, ndivyo inavyomsomea.

"Sikukuuliza kwa nini inaongea," akasema. "Nimekuuliza kama unaweza kuweka nyingine."

Mimi, kuulizwa kama naweza. Kesho yake nilikuwa juu ya baiskeli.

Nyumba yao ilikuwa ya kuta nene za udongo na madirisha madogo, ukitoka juani unaingia kama kisimani. Mzee Maganga alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake. Alipoibonyeza, Bibi Nyamizi alichukua ungo wake wa karanga akatoka uani. Mashine ikaunguruma, ikatulia. Kisha ikatoka sauti ya kijana, imekatikakatika kidogo kama mtu anayepanda kilima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Mzee akaitika, na hapo tu ndipo alipoweka vidole vyake kwenye vitufe.

Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya Shija, mtoto wao, aliyenitangulia shuleni madarasa kadhaa. Tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, baada ya ajali ya lori upande wa Igunga. Udongo wa kaburi lake nilikuwa nimeutupa kwa mkono wangu huu.

Mzee akanieleza bila haraka. Sauti za kompyuta zilizokuwepo zilisoma Kiswahili kama mtalii aliyepotea. Shija akakaa akajirekodi akitamka ba, be, bi, bo, bu, mpaka akazimaliza silabi zote, kisha akaandika programu ya kuziunganisha ziwe maneno. Programu hiyo ilikubali kwenye distro moja tu, kuukuu, ambayo hata walioitengeneza walikuwa wameshaiacha. Kwa sauti hiyo Mzee alikuwa akiandika nyimbo za wapagazi alizoachiwa na babu yake, zile zilizoimbwa njia nzima kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Anaandika mstari, mtoto anamsomea, anasahihisha.

Nami sikunyamaza. Nilimwambia distro yake imekufa, haina ulinzi, siku itakapogoma hapatakuwa na wa kuuliza. Nikamsifia ya kwangu kama dalali wa ng'ombe mnadani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Babu yangu alikuwa mpagazi. Asubuhi ya safari mizigo ililazwa chini, kila mtu akachagua wake, akaufunga kwa kamba yake mwenyewe. Ilikuwa mwiko kumfungia mwenzio. Unajua kwa nini?"

"Angeufunga vibaya?"

"Angeweza kuufunga vizuri sana. Ila bega si lake." Akanigeuzia uso wake usioona. "Sasa wewe mtoto mwenye cheti, bega langu umeliona wapi?"

Nilitoka nje masikio yakiwaka. Uani Bibi Nyamizi alikuwa akipepeta karanga ambazo hazikuwa na pumba tena.

"Umesikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Sauti ya marehemu haiitikiwi. Sisi tumelelewa tukijua hivyo. Ukiiitikia, umekubali wito. Na yeye anaitika kila siku. Ameanza kukonda. Nimezika mtoto, sasa unataka nimzike na baba yake?"

Mwanangu, pale ndipo nilipoelewa kwamba sikuitiwa kompyuta. Huyu anamtaka mtoto abaki, yule anaogopa mtoto asije akamchukua baba. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tunavyosema. Shija hakuwapo, na lake lilikuwapo, limeketi katikati ya nyumba.

Nikapata njia ambayo fundi mwingine asingeipata. Nitaihamisha sauti kwenye distro mpya, imsomee Mzee nyimbo zake. Lakini ile salamu nitaiacha nyuma. Pasipo salamu hapana kuitika. Mzee alikubali kwa sharti moja: "Jaribu, maana mama Shija halali. Lakini ule mfumo wa zamani usiuguse."

Nilikwenda na kompyuta dukani. Kazi ile ilikuwa ngumu, na niliiweza; hadi leo sijakutana na mtu katika mkoa huu ambaye angeiweza. Nilisoma kila mstari alioandika Shija, nikitafuta mahali alipoweka salamu ili niiruke. Sikuipata. Nikasoma upya. Nikatafuta ndani ya mfumo wote, faili kwa faili. Palikuwa na silabi, palikuwa na namna ya kuziunga, na hapakuwa na amri yoyote ya kusema shikamoo. Nikaizima ile kompyuta nikaiwasha, mara nyingi, mchana, watu wakipita barazani. Ilisoma kila nilichoiandikia. Haikuniamkia hata mara moja.

Sikumwambia mtu. Niliirudisha kompyuta Kwihara ikiwa na distro zote mbili, ya zamani na mpya.

Tukaiwasha mpya mbele ya Mzee. Ikawaka haraka, ikatulia. Nikaandika mstari wa wimbo, sauti ya Shija ikausoma vizuri kuliko zamani, bila kukatika. Nikageuka nisifiwe. Mzee alikuwa ameketi mikono juu ya magoti, uso ameuinua kidogo, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni mlangoni. Anasubiri. Mkubwa haanzi neno kabla hajaamkiwa, na yeye alikuwa wa malezi hayo. Kisha nikatambua kwamba hata kule uani pamenyamaza. Ungo haukusikika tena.

Bibi Nyamizi akatokea mlangoni.

"Mbona hajaamkia?" akauliza.

Mwanamke aliyekuwa akikimbia sauti ile kila siku, kumbe kila siku alikuwa akiisikiliza akiwa nyuma ya ukuta.

"Huu unasoma," Mzee akasema taratibu. "Ule ulikuwa unaniamkia."

"Rudisha ule," Bibi Nyamizi akaniambia.

Nikaiwasha ya zamani. Ikaunguruma, ikatulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akaunyoosha mkono kuelekea vitufe, lakini mashine ilikuwa haijamaliza.

"Shikamoo, mama."

Bibi Nyamizi hakuwahi kuwemo chumbani humo ikiwashwa. Aliushika mwimo wa mlango. Nilijua anachokipima: sauti ya marehemu haiitikiwi. Nje jogoo aliwika ovyo, mchana ule.

"Marahaba, baba," akasema. Kisha akaingia, akaketi karibu na mumewe, akaanza kuchambua karanga zake humo humo ndani.

Hakuna aliyechukuliwa. Mzee Maganga alinenepa. Aliandika nyimbo zake mpaka ya mwisho, nami nilikuwa nakwenda kumsafishia vumbi na kumbadilishia feni, sikugusa kingine. Walifariki wazee, kila mmoja kwa siku yake, na kompyuta ikaachwa kwangu. Niliifunga katika kitenge nikaiweka kabatini.

Basi, mwanangu, mkiniuliza distro ipi ni bora, nitawauliza njia yenu ni ipi na bega lenu likoje. Mwenye mashine kuukuu atachukua nyepesi. Wa kijiji kisicho na intaneti atachukua ile aliyonayo jirani, kwa kuwa jirani ndiye atakayemsaidia ikigoma. Anayependa kujua kila msumari wa nyumba atachukua ile ngumu, na asichekwe. Ukiwa fundi, sema unachokijua, kisha nyamaza uulize: hii yako inakufanyia nini ambacho mimi sikioni? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na usiache mbachao kwa msala upitao, wala usimwachishe mtu mbacha wake kwa sababu umebeba msala mzuri.

Mwaka huu nilikitoa kile kitenge kabatini. Nilitaka kuona kama ile mashine bado ni nzima. Nilikuwa peke yangu dukani, saa za mchana, mlango wazi. Ikaunguruma, ikatulia, nami nikangoja ukimya niliouzoea tangu ujana.

Lazima ukumbuke kwamba Shija alikuwa mkubwa wangu, na mkubwa hamwamkii mdogo. Lakini yeye alisimama pale pale alipofikia, kijana, na mimi nimeendelea kutembea. Kichwa changu sasa ni cheupe.

"Shikamoo," ikasema.

Nikaitika. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nenda basi, mwanangu, ukafunge mzigo wako kwa kamba yako. Mungu alipe bega lako nguvu ya njia uliyoichagua, akupe wa kuwaamkia na wa kukuamkia, na popote utakapoingia, asikosekane mtu wa kukuitika.