Mama Mingma na Kuba Jeupe la Almaty

Asubuhi yake ya kwanza Almaty, Mama Mingma Futi, Msherpa wa milimani Nepali, alimwacha binti yake Yangji akikoroma, akachukua tasbihi yake na kutoka kwa miguu kuujua mji. Hakufika mbali, akaliona kuba jeupe, kubwa kuliko la hekalu lolote la kwao. Moyo ukamtulia. Kumbe hata huku watu wana dini!

Kwao kitu kitakatifu huzungukwa kwa kukiweka mkono wa kulia. Basi akaanza kuzunguka, akimwombea Yangji mume. Lakini wenyeji sasa! Wake kwa waume walilizunguka mbio wakiwa na vikaptula, tena kinyume.

"Geukeni nyie! Mkifa mtazaliwa tena mbuzi!" akawafokea kwa Kisherpa.

Wao wakampungia mkono.

Alikuwa anamaliza mzunguko wa tatu Yangji alipomfikia, anahema.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakuombea mume."

"Mama! Hili ni jumba la sarakasi!" Akamwonyesha bango ukutani: nyani kavaa suti, kapanda baiskeli.

Mama Mingma akamtazama nyani, akamtazama binti yake.

"Tumekwisha! Mkwe wangu ndiye huyo?"

Akageuka papo hapo, akaanza kuzunguka kinyume ili azifute zile dua. Wakimbiaji wakampisha katikati yao, naye safari hii akawatazama kwa huruma.

"Maskini," akamwambia Yangji, "kumbe nao walikosea kama mimi."