Mpagazi na Neno "Hawezi"

Siku niliyomwona kwanza, jirani yangu, mpagazi wa zamani, alikuwa akimfokea dresa, mhudumu wa zahanati, hapa Kwihara. Dresa alikuwa amemtazama mke wa mpagazi kwa mbali tu na kusema, "Hawezi huyu, mrudishe nyumbani." Ndivyo sote tulivyosema juu ya mgonjwa.

"Hawezi nini, bwana dresa? Safarini mnyapara akisema hawezi, mzigo tunagawana, mtu tunamwacha porini! Mshike, umpime!"

Kiganja cha mpagazi kilisugua sugu ya begani, iliyoachwa na pembe za ndovu. Alifanya hivyo kila alipolisikia neno lile, hata kanisani. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani akitetemeka. Nikasimama mlangoni, nikiogopa neno lile lisinitoke.

"Unanitazama nini, Damas? Ingia, uniulize naumwa wapi."